Osiloskopu ya kwanza kwa bajeti ndogo: kabla ya megahezi, uliza sampuli, kumbukumbu na athi

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Mtu anayejifunza elektroniki nyumbani hufika mahali ambapo mita inamwambia kila kitu kiko sawa, huku saketi yenyewe ikikataa kufanya kazi. Mfano wa kawaida ni bodi ya mikrokontrola ya ESP32 inayojizima na kuwaka upya kila inapoanza kutumia Wi-Fi. Mita inaonyesha volti 3.3 bila kutetereka, kwa sababu hupima wastani wa muda mrefu, ilhali volteji inaanguka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde pale redio inapovuta mamia ya miliampia kwa ghafla, kisha inarudi kabla mita haijaona lolote. Hapo ndipo osiloskopu, chombo kinachochora kwenye skrini jinsi volteji inavyobadilika kwa muda, inapohitajika, na hapo ndipo maumivu ya bei yanapoanza.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu ushauri mwingi wa madukani huanza na kuishia kwenye megahezi: hii ni ya 50, ile ni ya 100, lipia ya 100. Kwa kazi nyingi za nyumbani namba hiyo ndiyo isiyoleta tatizo, na mnunuzi huja kukwama kwenye mambo ambayo muuzaji hakuyataja kabisa, yaani kasi halisi ya sampuli (vipimo kwa sekunde) kwa kila chaneli, ukubwa wa kumbukumbu, ubora wa triga (inayoamua ni lini wimbi linaswe) na probu (waya wa kupimia), na hali ya athi, yaani waya wa ardhi, ya nyumba atakayofanyia kazi.

Tuanze na mawimbi tunayoyapima. Sauti inayosikika haizidi kilohezi 20. Basi ya I2C, nyaya mbili ambazo chipu huzungumziana, kwa kawaida huenda kilohezi 100 au 400. Amri ya analogWrite kwenye Arduino Uno hutoa mapigo ya takriban hezi 490, na kwenye pini mbili hufika 980. Pawa saplai nyingi za chaja na inveta ndogo huwasha na kuzima mosfeti zake kwa makumi ya kilohezi hadi laki kadhaa za hezi. Mtandao wa CAN kwenye gari mara nyingi huenda biti 500,000 kwa sekunde. Hakuna hata kimoja hapo kinachokaribia megahezi 50.

Hata hivyo megahezi zina maana yake, na ni vizuri kuielewa ili usidanganywe. Osiloskopu ya megahezi 50 haikomi ghafla ikifika 50. Maana yake ni kwamba wimbi la msawazo (sine) la volti 1 katika masafa hayo litaonekana kama volti 0.7 hivi. Wimbi la mraba lina masafa mengi ya juu ndani yake, kwa hiyo ukitaka lionekane mraba na si kilima cha mviringo unahitaji walau mara tano ya masafa yake: saa ya SPI, njia nyingine ya mawasiliano ya chipu, ya megahezi 10 inadai osiloskopu ya 50. Kwa upande wa kingo, yaani pale wimbi linapopanda au kushuka ghafla, gawanya 0.35 kwa upana wa masafa (zile megahezi), nawe utapata muda mfupi zaidi wa kupanda ambao chombo kinaweza kuonyesha. Megahezi 50 hutoa nanosekunde 7, na megahezi 100 hutoa 3.5. Anayetengeneza taa, inveta, kikuza sauti au roboti hataona tofauti ya namba hizo mbili.

Kasi ya sampuli ndipo maandishi ya sandukuni yanapohitaji kusomwa kwa makini, kwa sababu mara nyingi ni jumla inayogawanywa. Chukueni Rigol DS1054Z, ambayo tangu ilipotoka takriban mwaka 2014 imekuwa kipimo ambacho wapenda elektroniki wengi duniani hulinganishia nyingine. Ina chaneli nne na sampuli bilioni 1 kwa sekunde, lakini bilioni hiyo ni ya chaneli moja. Ukiwasha mbili kila moja hupata milioni 500, na ukiwasha tatu au nne hupata milioni 250. Kwa upana wa megahezi 50 hiyo bado inatosha. Wengi wanajua kwamba chombo hicho kinaweza kufunguliwa kwa leseni kifike megahezi 100, kwa kuwa vifaa vya ndani ni vilevile, lakini hapo chaneli nne zikiwaka unabaki na sampuli mbili na nusu tu kwa kila mzunguko wa wimbi, jambo lililo mpakani kabisa. Siglent SDS1104X-E ina vibadilishi viwili (chipu zinazogeuza volteji kuwa namba), kila kimoja kikiwa na bilioni yake kwa chaneli mbili, na sehemu ya bei yake ya juu inatokana na hilo.

Sasa nije kwenye kumbukumbu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayotofautisha osiloskopu utakayoitumia miaka kumi na ile utakayoiuza baada ya mwaka. Hesabu yake ni rahisi: gawanya idadi ya pointi za kumbukumbu kwa muda unaotaka kuuona, upate kasi halisi ya sampuli. Tuseme una moduli ya GPS inayotuma ujumbe kila sekunde kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, nawe unataka kunasa dirisha la sekunde 1.2 ili uone ujumbe mzima pamoja na pengo linalofuata. Kwa kasi hiyo biti moja huchukua mikrosekunde 104. Osiloskopu yenye pointi 10,000 italazimika kuchukua sampuli moja kila mikrosekunde 120, yaani haipati hata sampuli moja kwa kila biti, na unachokiona kwenye skrini ni uongo mtupu hata kama sandukuni pameandikwa bilioni 1 kwa sekunde. Yenye pointi milioni 12 itachukua sampuli kila sehemu ya kumi ya mikrosekunde, na unaweza kuvuta picha karibu ukaisoma herufi kwa herufi. Sampuli bilioni 1 zenye kumbukumbu ya pointi 40,000 hujaa kwa mikrosekunde 40 tu. Zaidi ya hapo kasi hushushwa kimyakimya.

Kuhusu biti za wima, osiloskopu nyingi za bei ya chini zina biti 8, maana yake skrini nzima imegawanywa ngazi 256. Ukiweka volti 1 kwa kila mraba, na miraba ni minane, ngazi moja ni takriban milivolti 31. Za biti 12 zina ngazi 4096, hivyo ngazi moja hushuka hadi milivolti 2 hivi. Miaka ya karibuni biti 12 zimeshuka hadi kwenye bei ya kuanzia, hasa tangu Rigol walipotoa mfululizo wa DHO800 mwaka 2023. Ni faida ya kweli kwa anayepima mnung'uniko (ripple) wa pawa saplai au kutafuta kelele kwenye kikuza sauti. Kwa anayesoma I2C na mapigo ya servo haibadilishi lolote.

Kwa mtiririko wa bei, chini kabisa kuna DSO138, kifurushi cha kuunganisha mwenyewe chenye chaneli moja, upana wa kilohezi 200, sampuli milioni 1 kwa sekunde na pointi 1024. Ni somo zuri la kulehemu na unaweza kuona sauti na mapigo ya polepole, basi. Juu yake kuna osiloskopu za USB zinazotegemea kompyuta, kama Hantek 6022BE yenye megahezi 20 na sampuli milioni 48. Kisha huja za mezani: Hantek DSO2C10, chaneli mbili, megahezi 100 na pointi milioni 8, ambayo kwa kawaida huuzwa kati ya dola 200 na 250 za Marekani, Rigol DS1054Z, ambayo ilianza karibu dola 400 ikashuka, halafu DHO802 na DHO804 za biti 12 zenye megahezi 70 na pointi milioni 25, na SDS1104X-E inayokaribia dola 500. Bei hizi ni za nje, kabla ya usafirishaji na kodi.

Karibuni kwa maswali.

Mtundu254

Mkuu, asante kwa maelezo. Mimi ni mwanafunzi wa uhandisi Nairobi, na bajeti yangu haivuki dola 200 kwa kila kitu, pamoja na probu. Kazi zangu ni Arduino, ESP32, na ninapenda sana umeme wa magari. Nimeona osiloskopu zilizo kama tableti, zenye skrini ya kugusa na betri, zikitangazwa kuwa na megahezi 100 na sampuli bilioni 1 kwa chini ya nusu ya bei ya hizo za mezani. Je, kuna sababu ya kutonunua moja ya hizo na kubaki na pesa ya matumizi?

Mleta uzi

Ndugu Mtundu, sababu ipo, nayo ni kwamba namba za kifaa cha aina hiyo mara nyingi haziaminiki. Wataalamu waliofungua baadhi yake na kupima wamekuta vibadilishi visivyoweza kufikia kasi iliyochapishwa, na upana wa kweli ulio sehemu ndogo ya ule uliotangazwa. Kuna hila nyingine ya kuwa nayo macho: kasi ya sampuli inayopatikana kwa kukusanya mizunguko mingi ya wimbi linalojirudia, kisha kuandikwa kana kwamba ni kasi ya kunasa tukio moja. Wimbi lisilojirudia, kama ujumbe wa CAN au volteji inayoanguka mara moja, halinasiki kwa njia hiyo.

Lakini sitaki uvitupe vyote. Kifaa cha betri kina faida ya kweli garini, kwa kuwa hakina waya wa athi unaokwenda ukutani, na CAN ya biti 500,000 kwa sekunde, ambapo biti moja ni mikrosekunde 2, haihitaji hata megahezi 10. Kinachohitajika pale ni chaneli mbili, kwa sababu waya wa CAN-H hupanda kuelekea volti 3.5 wakati CAN-L inashuka kuelekea 1.5, na ujumbe wenyewe ni tofauti yao. Osiloskopu isiyoweza kutoa chaneli moja kutoka kwa nyingine itakuonyesha nusu ya habari. Kwa hiyo ukinunua kidogo cha betri, kihesabu kuwa cha megahezi 10 hadi 20, lipa bei inayolingana na hizo, na hakikisha kina chaneli mbili, triga ya kunasa mara moja, na uwezo wa kurekebisha kiwango cha triga kwa mkono. Kisicho na hayo matatu ni pambo.

Kama unaweza kuvumilia miezi michache uongeze kidogo, DSO2C10 itakufaa zaidi, maana mbali na kumbukumbu ya kutosha husoma yenyewe ujumbe wa itifaki za UART, I2C, SPI, CAN na LIN. Ni ya biti 8 na programu yake haina ulaini wa ndugu zake wa bei ya juu. Ningeichagua hiyo kuliko tableti ya megahezi za kwenye karatasi.

FundiRedio

Wakuu, mnazungumza kana kwamba dunia ilianza na skrini ya LCD. Mimi natengeneza redio na vikuza sauti, na chombo changu ni Hameg HM203 ya megahezi 20, ya kioo cha mionzi, ambayo nilinunua ikiwa imetumika kwa bei ya simu ya batani. Haikusubirishi ipakie programu, haina menyu, wimbi unaliona lilivyo, na kelele unaziona kama ukungu badala ya ngazi. Kwa nini kijana asitafute Hameg au Tektronix ya zamani, akajifunza kweli?

Mleta uzi

Mzee wangu, kwa kazi yako sina hoja ya kukupinga. Wimbi la sauti linajirudia, masafa yake ni madogo, na osiloskopu ya analogi iliyo hai inalionyesha vizuri kuliko ya dijitali ya bei ya chini. Mtu akikutana na Tektronix 465 ya megahezi 100 iliyotunzwa, hata kama ni chombo cha miaka ya 1970, aiangalie kwa heshima.

Tatizo ni tukio lisilojirudia. Analogi haina kumbukumbu: ujumbe wa UART unapita, kioo kinameta, umekwisha. Kijana anayehangaika na mikrokontrola hutumia sehemu kubwa ya muda wake kunasa vitu vinavyotokea mara moja. Pia kapasita za umri huo zimekauka, bomba la mionzi likichoka halina mbadala karibu, na ndani mna volti elfu kadhaa zinazobaki hata baada ya kuchomoa waya, kwa hiyo kumkabidhi anayeanza kazi ya kuikarabati ni kumtafutia balaa.

Niongeze tahadhari kuhusu za dijitali za zamani, kwa sababu jina la Tektronix huwavuta watu. TDS 210 iliyotoka mwaka 1997 ilikuwa chombo kizuri, megahezi 60 na sampuli bilioni 1, lakini kumbukumbu yake ni pointi 2,500 tu. Kwa ule mfano wa GPS ingechukua sampuli moja kila mikrosekunde 480, yaani moja kwa kila biti nne na nusu. Kwa triga nzuri na subira bado inafanya kazi nyingi, ila isinunuliwe kwa bei inayokaribia DSO2C10 mpya.

Mwl_Fizikia

Ndugu mleta uzi, mimi nafundisha sekondari na nimeombwa nishauri chombo cha maabara. Ningependa wanafunzi waone wimbi la umeme wa ukutani, hezi 50, kwa macho yao. Pia ulitaja athi mwanzoni lakini hukuieleza. Naomba ufafanuzi, kwa sababu watoto wa watu si wa kujaribia.

Mleta uzi

Mwalimu, umegusa sehemu muhimu kuliko zote, na nitakaa hapa kwa kirefu.

Klipu nyeusi ya probu haifanani na waya mweusi wa mita. Katika osiloskopu ya mezani yenye plagi ya pini tatu, klipu hiyo imeunganishwa moja kwa moja na kasha la chombo, na kupitia pini ndefu ya plagi imeunganishwa na athi ya jengo. Klipu za chaneli zote ni kitu kimoja. Ukiishika popote penye volteji kuhusiana na ardhi, umefanya shoti.

Ndiyo maana pawa saplai ya televisheni au chaja, upande wa kabla ya transfoma yake ndogo, ni mtego. Hasi ya kapasita kubwa pale huitwa graundi kwenye mchoro, na fundi asiyejua huishika kwa klipu. Ile si ardhi ya nyumba. Kupitia diodi za daraja inapanda na kushuka pamoja na laini ya umeme. Klipu ikigusa, mkondo unapita kwenye diodi, kwenye waya wa probu, kwenye osiloskopu, hadi kwenye athi. Fyuzi ikiwahi una bahati, na isipowahi unapoteza probu, diodi na pengine mlango mzima wa osiloskopu, pale probu inapochomekwa.

Dawa sahihi ni transfoma ya kutenganisha, yenye nyaya mbili zisizogusana, iliyowekwa upande wa kifaa kinachopimwa. Hapa kwetu kuna vitu viwili vinavyodhaniwa kuwa vinafanya kazi hiyo na havifanyi. Stabilaiza ya friji kwa kawaida ina transfoma ya waya mmoja wenye matoleo, kwa hiyo laini inapita moja kwa moja. Na balbu ya siriizi ambayo mafundi huitumia kwa busara kuzuia shoti kuunguza mosfeti hupunguza mkondo tu, haitenganishi chochote. Njia nyingine ni kutumia chaneli mbili bila kuunganisha klipu yoyote, ukaweka probu zote mbili kwenye X10 (hali inayopunguza volteji mara kumi), kisha ukaiagiza osiloskopu itoe moja kutoka kwa nyingine. Ya uhakika zaidi ni probu ya tofauti ya volteji ya juu, lakini bei yake inaweza kukaribia ya osiloskopu ndogo.

Kuhusu umeme wa ukutani wenyewe: volti 230 tunazozitaja ni thamani ya wastani wa nguvu, na kilele chake ni volti 325. Probu ikiwa X10 osiloskopu inaona 32.5, ambayo ni salama kwake. Swichi ya probu ikiteleza hadi X1, volti 325 zote zinafika mlangoni, na milango mingi imeandikwa kikomo cha volti 300 hadi 400. Sitashauri mwanafunzi afike hapo hata kidogo. Tumia transfoma ndogo ya kawaida ya volti 230 kwenda 9 au 12, iliyofungwa ndani ya kasha, upime upande wa pili. Wataona hezi 50 zilezile, mzunguko mmoja kwa milisekunde 20, na kama mtaani kwenu kuna mashine nyingi wataona pia vilele vilivyobonyea, jambo linalozaa maswali mazuri darasani kuliko msawazo kamili wa kitabuni.

Sasa athi. Nyumba nyingi zina soketi za pini tatu ambazo tundu la juu halijaunganishwa popote, au limeunganishwa na fimbo iliyokwisha kuliwa na kutu. Osiloskopu ina kichujio cha umeme chenye kapasita mbili kutoka kwenye laini na nyutro kwenda kwenye kasha. Athi isipokuwepo, kapasita hizo hugawanya volteji katikati na kasha linakaa karibu na volti 115 kuhusiana na ardhi. Mkondo wake ni mdogo, utausikia kama mtekenyo kwenye kidole, lakini ukishika klipu kwenye bodi iliyounganishwa na kompyuta yenye athi nzuri, mkondo huo hutafuta njia kupitia pini ya mikrokontrola. Kabla ya kununua osiloskopu ya laki kadhaa, mwite fundi umeme mwenye kipimo cha athi akague soketi ya meza yako.

FundiRedio

Hapo kwenye athi, wenzetu wengi wa televisheni hukata ile pini ndefu ya plagi ya osiloskopu, au hutumia adapta ya pini mbili, na wanafanya kazi kila siku. Unasemaje?

Mleta uzi

Nasema wanahamisha shoti kutoka kwenye kifaa kuileta kwenye mikono yao. Pini ikikatwa, klipu ikashikwa kwenye ile hasi ya moto, hakuna kinacholipuka, ni kweli. Ila kuanzia hapo kasha, klipu za probu nyingine na kila chuma kinachogusika cha osiloskopu viko kwenye volteji ya laini, na mtu anayenyoosha mkono kurekebisha kitufe huku ameegemea kitu cha chuma ndiye anayekuwa njia ya kwenda ardhini. Hatari ileile ipo kwa osiloskopu ya USB kwenye kompyuta mpakato inayotumia betri. Tenganisha kifaa kinachopimwa. Chombo cha kupimia kibaki na athi yake.

Dada_Mkondo

Naomba kuchangia kwa Mtundu254. Kama sehemu kubwa ya kazi zako ni UART, I2C na SPI, kichambuzi cha mantiki cha chaneli 8 na sampuli milioni 24 kwa sekunde hupatikana kwa takriban dola 10, na programu huru ya PulseView ya mradi wa sigrok husoma itifaki nyingi sana. Kumbukumbu yake ni kompyuta yenyewe, hivyo unaweza kunasa dakika nzima. Kwa njia hiyo hulazimiki kulipia osiloskopu ya chaneli nne.

Mleta uzi

Dada, umesema jambo ambalo lilipaswa kuwa kwenye maelezo yangu ya kwanza. Kwa mwenye dola 200, mchanganyiko wa kichambuzi hicho na osiloskopu ya chaneli mbili unafanya kazi kubwa kuliko osiloskopu ya chaneli nne peke yake. Kichambuzi hukuonyesha sifuri na moja tu, kwa hiyo hakitakwambia kwamba moja yako inafika volti 1.9 badala ya 3.3, au kwamba kingo za I2C zimelala kwa sababu rezista za kuvuta juu ni kubwa mno. Hapo osiloskopu inaingia, na chaneli mbili zinatosha: saa na data.

Mtundu254

Nimeshawishika. Nitaongeza pesa na kuagiza ya mezani ya chaneli mbili, pamoja na kichambuzi. Swali la mwisho: nizingatie nini kwenye kuagiza, na ikifika niikague vipi kabla muda wa kurudisha haujaisha?

Mleta uzi

Kwenye kuagiza, usilinganishe bei za tovuti bila kuongeza usafirishaji na kodi. Kodi ya ongezeko la thamani pekee ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania, nayo hupigwa juu ya thamani pamoja na gharama nyingine za forodha. Uzito nao una bei yake: DS1054Z ina karibu kilo 3 bila sanduku, wakati mfululizo wa DHO800 hauzidi kilo 2. Uliza kama plagi ni ya pini tatu tunayotumia huku, la sivyo utajikuta unanunua adapta isiyo na athi na tumerudi kule kule. Dukani, iwe Luthuli Avenue au Kariakoo, faida unayolipia ni kuiwasha mbele ya muuzaji na kujua pa kuirudisha, kwa hiyo usilipie faida hiyo halafu ukaondoka na sanduku lililofungwa.

Ikifika, iache iwake nusu saa, kisha endesha ule ukaguzi wa ndani wa kujisawazisha ukiwa umechomoa probu zote. Unganisha probu kwenye kile kituo cha mbele kinachotoa wimbi la mraba la kilohezi 1, weka X10 kwenye probu na X10 kwenye menyu ya chaneli, maana zikipishana volteji zote utakazosoma zitakuwa mara kumi au sehemu ya kumi. Kwa bisibisi ndogo ya plastiki zungusha skrubu ya probu hadi pembe za mraba ziwe bapa: zikichongoka imezidi, zikilala imepungua. Rudia kwa kila probu na kila chaneli, kwa sababu probu iliyosawazishwa kwenye chaneli ya kwanza si lazima iwe sawa kwenye ya pili. Na uizoee X10 kama hali yako ya kawaida. Kwenye X1 probu nyingi haziendi mbali zaidi ya megahezi 6 hivi, na zinaielemea saketi kwa kapasitansi kubwa.

Baada ya hapo weka triga kwenye hali ya kunasa mara moja, ichague kingo inayoshuka, kiwango kiwe katikati ya volteji unayoitarajia, kisha bonyeza kitufe cha kuweka upya kwenye Arduino yako na uone kama ujumbe wa kwanza wa UART unanaswa. Fungua kumbukumbu yote na uvute karibu. Kwa kasi ya 115200 biti moja inapaswa kuwa mikrosekunde 8.7; ipime kwa mistari ya kupimia ya skrini (cursor). Ukiona namba hiyo kwenye chaneli zote mbili, vitufe vyote vinazunguka bila kuruka na skrini haina doa lililokufa, mwandikie muuzaji kwamba mzigo umefika salama. Kitufe cha Auto, kinachojipangia mipangilio chenyewe, kisikuzoeze uvivu: kwenye tukio la mara moja hakina msaada wowote.